Marumaru ya asili na chumba cha kwanza: kisa cha sakafu ya nyumba moja Tanga

Usuli

Nyumba iko Tanga, mwendo wa miguu tu kufika baharini. Mtaa nauacha, majina nayaacha, na mambo mawili matatu ya familia nimeyageuza wasitambulike. Vipimo, vifaa na makosa nimeviacha vilivyo. Kosa kubwa kuliko yote ni langu, mimi niliyekuwa msimamizi wa kazi.

Mwenye nyumba ni mama wa miaka 71, muuguzi mstaafu, magoti yanamsumbua. Anayelipa ni mwanawe wa kwanza, yuko Muscat. Nyumba ilijengwa kama zinavyojengwa nyingi za kwetu: fedha ikipatikana tofali zinafyatuliwa, ikikatika kazi inalala. Kilianza chumba kimoja ambamo familia ilihamia huku ikiendelea kujenga. Miaka ikapita, ukumbi ukaongezwa, vyumba viwili, jiko, mabafu mawili, korido na baraza ya mbele. Mimi nilipoitwa, kuta zilikuwa zimepigwa lipu na paa limekaa. Chini kulikuwa na jamvi tupu, yaani zege la msingi lisilomaliziwa, isipokuwa kile chumba cha kwanza ambacho kilikuwa na sakafu ya niru (saruji iliyolainishwa kwa mwiko) iliyochakaa.

Eneo lote la kumalizia lilikuwa mita za mraba 128: ukumbi 38, baraza 16, jiko 14, mabafu 9, korido 9, na vyumba vitatu vya kulala 42 kwa pamoja.

Mwana alikuwa na sharti moja. Hakutaka vigae vya kiwandani. Alikuwa amelala kwenye hoteli moja Mji Mkongwe, Zanzibar, akakanyaga sakafu za chokaa na mawe, akasema kwa bi mkubwa anataka "marumaru ya asili, mbao ya asili, kila kitu asili". Mama yake hakuwa na neno asili mdomoni. Siku ya kwanza tulizunguka naye vyumbani, yeye mbele, mimi na daftari nyuma, akanitajia mambo yake: asiteleze akitoka bafuni, pasiwe na ngazi hata ya nusu inchi mlangoni, kwa sababu mguu wa kulia hauinuki vizuri, anatembea pekupeku, wajukuu wanakuja na mchanga wa ufukweni, na jikoni kwake ndimu na ukwaju havikosekani. Kwenye chumba cha kwanza, ambacho ndicho anacholala mpaka leo, alisema jambo jingine nikaliandika: "Humu mwanangu mkeka huota ukungu kila masika." Mstari huo upo kwenye daftari langu, kwa mwandiko wangu, tarehe na yote. Tutaurudia.

Neno moja, vitu viwili

Kazi iliharibika kabla haijaanza, na chanzo kilikuwa neno. Marumaru ni jiwe: mawe ya chokaa yaliyopikwa na joto na mgandamizo wa ardhi mpaka yakageuka fuwele. Lakini nenda duka lolote la vifaa vya ujenzi kuanzia Tanga mpaka Mbeya, sema "nataka marumaru", utaletewa vigae vya udongo vilivyochomwa kiwandani na kupakwa uso wa kung'aa. Watu wengi mjini wanasema hivyo, na fundi wa kuviweka anaitwa fundi marumaru. Sioni sababu ya kugombana na lugha ya watu. Tabu inaanza pale mteja mmoja anaposema neno kwa maana ya jiwe na muuzaji analisikia kwa maana ya kigae.

Mwana aliwasiliana na duka moja kwa simu, akatumiwa picha za "marumaru ya asili, nyeupe yenye mishipa ya kijivu". Akapenda, akalipia boksi 30 za ukumbi bila kuniuliza. Zilipofika, mama ndiye aliyefungua boksi la kwanza. Alitoa kipande, akakitazama usoni, kisha akafanya jambo ambalo mimi ningelifanya wa pili: akakigeuza. Mgongoni kilikuwa na rangi ya chungu na mistari ya kalibu ya kiwandani. "Huu si udongo huu?" akauliza. Tukatoa vipande sita, tukavipanga. Mshipa wa kijivu uliopinda kama herufi S ulikuwepo kwenye cha kwanza, na kwenye cha nne ukarudi uleule, umepinda palepale. Jiwe halirudii mchoro. Kilichokuwa mbele yetu ni picha ya jiwe.

Duka lilikubali kurudishiwa maboksi ambayo hayajafunguliwa, tukapoteza mawili pamoja na nauli. Hasara ndogo. Kuanzia hapo tulikubaliana kwamba kwenye karatasi na kwenye simu tutasema "jiwe la marumaru", "jiwe la graniti", au "kigae", na neno marumaru peke yake halitaandikwa popote.

Sampuli uani

Nilimwomba mwana atupe wiki tatu kabla ya kununua chochote. Hakufurahi. Nikakusanya vipande vya kila kitu kilichokuwa kinafikiriwa: jiwe la marumaru nyeupe lililosuguliwa hadi kung'aa, graniti ya kijivu, jiwe la chokaa, kipande cha terazo (saruji na kokoto za marumaru, ikikauka inasagwa) nilichokimwaga mwenyewe kwenye fremu ya mbao, ubao wa tiki na kipande cha niru nyekundu. Tukavipanga uani, nusu juani, nusu kivulini karibu na bomba. Kazi ya kuvitesa nilimwachia mama.

Alivitesa kwelikweli. Alikamulia ndimu, akamwaga ukwaju, akadondosha mafuta ya nazi, akaacha maji ya binzari yakauke. Akapita juu yake na kandambili zenye mchanga.

Matokeo ya ndimu yalionekana siku ileile. Kwenye marumaru tone lilichemka kidogo, na tulipofuta baada ya robo saa pakabaki duara lililofubaa. Hilo si doa la kusugua likatoka. Asidi imekula uso wa jiwe, kwa kuwa marumaru na jiwe la chokaa vyote asili yake ni kalisi kaboneti. Dawa ni kulisugua upya kwa mawe ya msasa hadi uso urudi. Graniti haikushughulika na ndimu hata kidogo. (Jaribio hili hili linafaa dukani: ukiambiwa jiwe ni graniti, dondosha ndimu kwenye kona ya sampuli. Na ukiuziwa graniti nyeusi tititi kwa bei ya kushangaza, ipitishie kitambaa cheupe chenye asetoni, ile ya kufutia rangi ya kucha. Kitambaa kikitoka na weusi, umeuziwa jiwe lililopakwa.)

Jiwe la chokaa lilikunywa binzari hadi ndani. Lina vinyweleo vingi, na hata baada ya kulipaka dawa ya kuziba, njano haikutoka. Terazo ilifubaa kidogo kwenye ndimu kama marumaru, jambo ambalo halikunishangaza maana ndani yake kuna kokoto za marumaru na saruji, na vyote viwili asidi inavila. Ila terazo ina madoadoa ya rangi nyingi, kwa hiyo alama haionekani mpaka uinamishe kichwa. Tiki iliyopakwa mafuta ilishika duara la maji, duara likaondoka kwa msasa laini na mafuta kidogo. Niru nyekundu nayo ni saruji, ila kwenye kipande kile alama haikuonekana.

Mwana alikuwa na pendekezo la saba: zulia la mkonge chumba kizima, ukuta hadi ukuta, "Tanga bila mkonge si Tanga". Mama alimjibu kwa ujumbe wa sauti, nami nilikuwepo: "Babu yako kakata mkonge maisha yake yote, miiba imo mikononi mpaka anazikwa. Leo niukanyage na usiku?" Pendekezo likaishia hapo, na kwa kweli hata kifundi lisingefaa. Mkonge hunywa unyevu, ukimwagikiwa maji unaacha doa la duara, na kwenye hewa ya pwani zulia lisiloweza kuinuliwa likaanikwa linaanza kunuka.

Uamuzi, chumba baada ya chumba

Ukumbi na korido: terazo ya kumwaga papo hapo. Mwana alipinga kwanza, kwa hoja kwamba saruji si asili. Hoja yake ilikuwa na uzito, sikutaka kuikwepa. Nilimwambia sakafu zile alizozipenda Zanzibar zilitengenezwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa iliyochomwa na mikono mingi ya kuzipigapiga; nazo ni mchanganyiko uliopita motoni. Neno lenyewe, sakafu, asili yake ni la Kiarabu lenye maana ya paa, na katika nyumba za ghorofa za Lamu na Mji Mkongwe sakafu ya wa juu ndiyo paa la wa chini, imebebwa na boriti za mikoko. Tulifikiria kweli kuifanya sakafu ya chokaa. Sikupata fundi ambaye kazi yake ningeweza kwenda kuikanyaga, na chokaa hukauka polepole mno. Terazo ilikuwa na mafundi wawili wazee mjini, na mmoja alinipeleka kwenye jengo la zamani ambako sakafu ya terazo imekanyagwa tangu hajazaliwa na bado inang'aa. Hilo lilimaliza ubishi.

Jiko: graniti ya kijivu, vipande vya sentimita 60 kwa 60, uso uliosuguliwa bila kung'arishwa. Uamuzi huu ulifanywa na ndimu. Bei ilikuwa karibu mara tatu ya vigae vya kawaida, ndiyo maana ilikaa jikoni peke yake. Uzito wake pia watu huusahau. Graniti ya unene wa milimita 20 ina kilo 54 hivi kwa mita ya mraba. Kwa jiko la mita 14, pamoja na asilimia 10 ya vipande vya kukata na kuvunjika, tulibeba zaidi ya kilo 800, na kirikuu kilikwenda safari mbili.

Mabafu: graniti ileile, ila iliyochomwa uso kwa moto ikawa na mkwaruzo, ikakatwa vipande vya sentimita 10 kwa 10. Vipande vidogo vina mifereji mingi ya grauti (uji wa saruji wa kuziba viungo), na mifereji ndiyo breki ya mguu wenye sabuni. Pia ni rahisi kuvipa mteremko kuelekea kwenye shimo la maji. Tulitoa sentimita 1 na nusu kwa kila mita.

Baraza: terazo, sawa na ukumbi. Uamuzi wa haraka. Niliuandika kwa mstari mmoja, na unaonekana.

Vyumba viwili vya wageni: niru nyekundu, yaani saruji iliyochanganywa na rangi ya oksidi ya chuma, ikapigwa mwiko wa chuma ikiwa bado mbichi na kupakwa nta baadaye. Ni sakafu ya bei ndogo kuliko zote na watu wanaidharau kwa sababu walilala juu yake utotoni. Mwana aliikubali kwa ajili ya bajeti.

Chumba cha mama: mbao za tiki. Hapa mwana aliweka moyo wake. Alitaka mama yake aamke akanyage mbao. Tiki inapatikana jirani, maana shamba la serikali la Longuza liko Muheza, na muuzaji alikuwa na hati ya kusafirisha mazao ya misitu. Mbao zilikaushwa kwenye tanuri la karakana hadi unyevu wa asilimia 11, upana milimita 90, unene 20, zikishikana ubavuni kwa ulimi na mfereji. Nilizikagua moja moja nikatoa zenye kingo nyeupe, kwa kuwa ukinzani wa tiki dhidi ya mchwa uko kwenye kiini chake cha kahawia. Ule weupe wa nje mchwa anaula kama mti mwingine wowote. Nilijisifu sana kwa ukaguzi ule.

Kazi ilivyokwenda

Tulianza Januari, baada ya vuli kwisha, na siku ya kwanza haikuhusu sakafu bali kamba. Kila malighafi ina unene wake: terazo ilihitaji milimita 55 (40 za zege la chini na 15 za tabaka la juu), graniti 45 pamoja na saruji na gundi ya chini yake, mbao 22 pamoja na gundi. Ukizimwaga bila hesabu, kila mlango unakuwa na kizingiti. Tulipiga mstari mmoja wa usawa kuzunguka nyumba nzima kwa pima maji ya mpira, tukashuka kutoka hapo hadi kwenye uso wa mwisho wa kila chumba, kisha tukajaza zege la kusawazishia kadiri ya upungufu. Siku tatu zilikwenda bila mtu kuona kitu. Leo mama anatoka kitandani hadi jikoni bila kuinua mguu.

Terazo iligawanywa kwa vipande vya alumini katika miraba ya mita 1 kwa 1. Hivi si urembo tu. Saruji ikikauka inajivuta, na ikikosa mahali pa kuachia inajichagulia ufa wake yenyewe. Mchanganyiko ulikuwa mfuko mmoja wa saruji nyeupe kwa uzito mara mbili wa kokoto za marumaru, maji kwa kubana, ukashindiliwa kwa rola hadi kokoto zikabanana. Tulimwagilia siku saba, tukasaga kwa jiwe la makwaruzo la namba ndogo, tukaziba vitundu kwa uji wa saruji ileile, tukasubiri, tukasaga tena kwa jiwe laini zaidi. Usagaji wote ulifanywa kwa maji, na vijana walivaa barakoa. Vumbi la saruji na mawe si la kuchezea kifua. Ule uji unaotoka kwenye kusaga tuliuchota kwa ndoo tukaumwaga shimoni. Kijana mmoja aliuachia kwenye bomba la bafu na tukakaa nusu siku tukitindua saruji iliyoganda ndani.

Graniti iliwekwa kwa kupakwa gundi chini ya jiwe na juu ya zege pia, na kesho yake nilipita na mpini wa mwiko nikigonga kila kipande. Vipande vinne vililia kama debe tupu. Tukavitoa kabla grauti haijapita.

Mbao za chumba cha mama zilitakiwa kuwa za mwisho. Nilipima unyevu wa zege kwa njia ya kawaida: kipande cha nailoni, mita kwa mita, kimebanwa kingo zote kwa solotepu, usiku kucha. Asubuhi chini yake pakavu. Nikapitisha. Jaribio hilo nililifanya ukumbini, kabla ya terazo, kwa sababu ndiko kulikokuwa na nafasi. Mwezi Machi mwishoni, mwana akiwa na likizo ya wiki mbili, tulipachika tiki, tukaacha pengo la milimita 10 kila upande chini ya skatingi, tukapaka mafuta. Alilala kwenye mkeka juu ya mbao zile usiku wa kwanza, akapiga picha, akarudi Muscat.

Masika

Wiki ya tatu ya Mei mama alinipigia. Hakulalamika. Alisema, "Fundi, sakafu inapumua." Nilipofika, katikati ya chumba mbao zilikuwa zimeinuka kama mgongo wa kobe, mwinuko wa vidole vitatu, na karibu na kitanda gundi ilikuwa imeachia na zege. Ukikanyaga, inashuka, ukitoa mguu, inapanda. Kweli ilikuwa inapumua.

Tulipobandua, zege la chini lilikuwa jeusi kwa unyevu. Nikatoboa kona moja ya jamvi kutafuta nailoni, ile inayowekwa chini ya zege kuzuia unyevu wa ardhi usipande. Haikuwepo. Chumba cha kwanza kilijengwa miaka 18 kabla, na mzee mwenyewe na fundi wa mtaani, kwa fedha ya kuungaunga, jamvi likamwagwa juu ya mchanga bila kitu katikati. Vyumba vilivyofuata vilikuwa na nailoni, na ukumbi niliopima ulikuwa mmojawapo. Nilikuwa nimepima nyumba nyingine iliyo chini ya paa moja na hii.

Hesabu ya kilichotokea ni rahisi na inauma. Mbao haikui urefu, inakua upana. Tiki iliyoingia na unyevu wa asilimia 11 ikafika 17, na kwa ubao wa milimita 90 hiyo ni karibu milimita 1 ya kutanuka. Chumba kina upana wa mita 3.6, yaani mbao 40 ubavu kwa ubavu. Milimita 40 zilikuwa zinatafuta pa kwenda, nami nilikuwa nimeziachia 20. Hata bila unyevu wa chini, hewa ya pwani peke yake ingeipeleka mbao ile kwenye asilimia 14 hivi na kumaliza pengo lote. Asilimia 11 ni ya chumba chenye kiyoyozi. Mama hana kiyoyozi, hakitaki.

Mbao tulizitoa, tukazipanga kwa vijiti kwenye kivuli. Tulikata jamvi la zamani, tukaweka mawe, mchanga, nailoni nzito iliyopandishwa ukutani, na zege jipya. Zege la kusawazishia la milimita 50 tulilipa siku 50, kwa ile kanuni ya siku moja kwa milimita, na wakati huu nilibandika nailoni ya kupimia kwenye kona tatu za chumba hichohicho. Juu yake mama akachagua niru nyekundu. Mwana alitaka mbao zirudi. "Wewe ulilala usiku mmoja," bi mkubwa akamwambia, "mimi nimelala miaka kumi na minane." Gharama ya kuvunja na kujenga tuligawana: mimi kazi, mwana vifaa. Nilikuwa tayari kubeba yote, ila mwana alikataa kwa hoja kwamba haraka ya Machi ilikuwa ya likizo yake.

Miaka miwili baadaye

Terazo ya ukumbi haina ufa. Ina mfubao sehemu moja, karibu na meza ya chakula, ambako wajukuu wanakaa na juisi ya ukwaju. Mashine ya kusaga itapita siku moja. Graniti ya jikoni iko kama ilivyowekwa. Baraza ilinipa aibu ndogo: nilikuwa nimeisaga laini kama ukumbi, na mvua ya upepo ya kwanza ikaingia, mama akateleza, akadaka nguzo. Hakuumia. Siku ileile tulirudi na jiwe la makwaruzo tukaikwaruza baraza yote, ikapoteza mng'ao na ikapata mshiko. Bafuni hajateleza hata mara moja.

Niru ya chumba chake imepasuka mistari miwili myembamba kama unywele, kwa kuwa hatukuigawa kwa vipande. Anaipaka nta yeye mwenyewe, yaani anamsimamia mjukuu akipaka. Mkeka wa ukindu uko juu yake, na masika mbili zimepita bila ukungu.

Tiki haikupotea. Karakana ilizipiga randa tena, zikawa kabati la vyombo na benchi la barazani.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi ya vyote ni wiki tatu za uani. Sampuli dukani inakaguliwa kwa macho. Nyumbani inakaguliwa kwa ndimu na kandambili, na mtu anayekagua ndiye atakayeishi nayo. Bila hapo tungeweka marumaru jikoni, na mwaka wa kwanza ingekuwa na mabaka kama ramani. Mstari mmoja wa usawa ulikuwa wa pili. Haukuonekana kwenye picha hata moja iliyotumwa Muscat, lakini nikiulizwa ni kitu gani cha nyumba ile ningekirudia bila kubadilisha, ni zile siku tatu za kamba.

Kuhusu neno asili, nimebadilika kidogo. Nilianza kazi nikilichukulia kama matakwa ya mtu aliyelala hotelini. Lakini lilitufikisha kwenye vitu vinavyosagika upya. Terazo, graniti, hata niru, vikichakaa vinasuguliwa na maisha yanaanza tena, wakati kigae kikipoteza uso wake hakina kingine chini. Hiyo ndiyo sababu ya kweli ya kuvichagua, na ningependa kuwa nimemweleza mwana hivyo tangu Januari, badala ya kubishana naye saruji ni asili au si asili.

Upande wa makosa, la marumaru lilikuwa la mawasiliano na liligharimu maboksi mawili. La baraza lilikuwa la uvivu: nilinakili ukumbi kwenye sehemu inayonyeshewa. La tiki lina sura tatu, na nimezitenganisha kwa sababu mafundi vijana ninaowasimulia hukamata ya kwanza wakaacha nyingine. Nilipima mahali pamoja kwenye nyumba iliyojengwa kwa awamu, ambako kila awamu ina fundi wake, mchanga wake na umaskini wake. Nilikubali mbao iliyokaushwa kwa ajili ya hewa ambayo haipo chumbani mle. Na nilipachika Machi, masika ikigonga mlango, kwa sababu ya tiketi ya ndege.

Ya nne haimo kwenye kipimo chochote. Ukurasa wa pili wa daftari langu, tangu siku ya kwanza, una mstari unaosema mkeka wa chumba hiki huota ukungu kila masika. Sikuwa nimepungukiwa na taarifa. Niliiandika kama maneno ya mama juu ya mkeka, nikatafuta unyevu wa zege kwa nailoni kwenye chumba kingine. Siku hizi, nikifika kwenye nyumba ya awamu, swali langu la kwanza kwa wenyeji ni chumba kipi mlihamia kwanza na kilimwagwa na nani, na la pili ni mikeka yenu, magodoro na miguu ya makabati inakaaje mvua zikinyesha. Majibu nayaandika kwenye karatasi ileile ya vipimo.

Ule mpaka kati ya jamvi la zamani na la korido bado naushuku. Mwezi Aprili uliopita palitoka mstari mweupe wa chumvi, upana wa kidole, kwenye kizingiti cha chumba cha mama. Tumeufuta kwa brashi kavu na kuweka alama ya tarehe ukutani kwa penseli. Tutauangalia tena masika ijayo.